Mabel Normand, mwanamke aliyemwongoza Chaplin

Karibu kila mtu aliyewahi kutazama sinema za zamani anaijua ile kofia ndogo nyeusi, fimbo, koti la kubana, suruali pana na viatu vikubwa vya Charlie Chaplin. Wasiojulikana ni watu waliosimama upande wa pili wa kamera siku alipovaa mavazi hayo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Januari 1914, katika studio ya Keystone, kitongoji cha Edendale mjini Los Angeles. Filamu iliitwa Mabel's Strange Predicament. Mwongozaji anayetajwa ni Mabel Normand, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhusika mkuu. Alikuwa na miaka 21.

Kwa zaidi ya nusu karne jina la Mabel limekuwa likitajwa kama mrembo wa Keystone, au mchumba wa Mack Sennett, mwanzilishi wa studio hiyo, au mwanamke aliyeandamwa na kashfa. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na yote kwa pamoja yameifunika kazi yake. Mimi nasema kwamba alikuwa mwongozaji wa kweli, mmoja wa watu wa kwanza kuelewa vichekesho vya sinema vinataka kuwa nini, na kwamba sifa hiyo alinyimwa na watu walioandika kumbukumbu zao wakati yeye ameshazikwa na hawezi kujibu.

Alizaliwa Staten Island, New York, katika familia isiyo na mali. Akiwa kijana alipata riziki kwa kukaa kimya mbele ya wachoraji waliotaka sura ya kuchora, kisha akaingia kwenye filamu, kwanza Biograph na Vitagraph. Biograph ndiko alikokutana na mwongozaji D. W. Griffith, na huko pia alikuwapo Mack Sennett, Mkanada aliyekuwa na ndoto ya kutengeneza vichekesho tu na si kingine. Mwaka 1912 Sennett alipopata wafadhili na kuanzisha Keystone, Mabel alikwenda naye California. Hakwenda kama pambo. Alikuwa muogeleaji hodari, aliruka majini kutoka juu, alipanda ndege katika siku ambazo kupanda ndege kulikuwa kucheza na kifo, na alikubali kufungwa kwenye reli ya garimoshi ili picha ipatikane. Watazamaji wakampenda kiasi kwamba studio ikaanza kuliweka jina lake kwenye vichwa vya filamu. Mtu aliyelipa senti zake mlangoni alijua anakwenda kumtazama Mabel.

Ili kuielewa kazi ya mwongozaji pale Keystone, inabidi kusahau namna filamu zinavyotengenezwa leo. Filamu nyingi zilikuwa za mkanda mmoja, yaani dakika kumi hadi kumi na tano hivi, na studio ilitoa filamu mpya kila wiki bila kupumzika. Mara nyingi hapakuwa na muswada uliokamilika. Palikuwa na wazo: mume mwenye wivu, hoteli, bustani yenye ziwa, polisi wasiojua kazi. Jukwaa la kupigia picha lilikuwa wazi, limefunikwa kwa vitambaa vyepesi vya kulainisha jua, kwa hiyo jua likizama kazi imekwisha. Mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono. Na kwa kuwa filamu haikunasa sauti, mwongozaji alikuwa akipaza sauti muda wote kamera inapozunguka: geuka, mtazame, sasa anguka, inuka, kimbia. Kukiwa na mashindano ya magari mjini au sherehe ya kitaifa, kikundi kilibeba kamera na kwenda kutunga kichekesho hapo hapo katikati ya umati.

Katika mazingira hayo mwongozaji ndiye aliyeshika kila kitu kichwani. Alijua mwigizaji ametoka upande gani wa picha ili kwenye picha inayofuata asiingie kutoka upande usiofaa na kumchanganya mtazamaji. Alijua kichekesho kimefika kileleni lini, na kwamba sekunde mbili zaidi zingekiua. Mwongozaji aliyekuwa pia akiigiza, kama Mabel, alilazimika kuyajua hayo yote huku amejificha chini ya kitanda, amevaa nguo za kulalia, akijifanya hajui lolote. Siku hizi watu husema vichekesho vile vilikuwa fujo tupu. Fujo ya kweli haichekeshi. Ile iliyochekesha mamilioni ya watu ilipangwa na mtu.

Mwishoni mwa 1913 magazeti ya biashara ya filamu ya Marekani yalitangaza kwamba kuanzia hapo Mabel Normand ataongoza filamu anazoigiza. Lilikuwa tangazo la kawaida la kikazi, na ukawaida wake ndio unaonigusa. Alice Guy alikuwa ameanza kuongoza filamu Ufaransa tangu miaka ya 1890, na kufikia 1914 Lois Weber alikuwa mwongozaji anayeheshimika Marekani. Sinema ilikuwa biashara changa, haijapata mabenki wala wazee wa kulinda milango, na mwanamke mwenye uwezo alipita.

Tuirudie ile filamu ya Januari 1914. Mabel ni mgeni wa hoteli anayejikuta nje ya chumba chake akiwa na nguo za kulalia, anakimbilia chumba cha jirani na kujificha chini ya kitanda, na kutokea hapo kila mtu anamfumania mwenzake. Kabla ya hayo, kwenye ukumbi wa hoteli, kuna mlevi mmoja anayejikwaa, anavua kofia kuwasalimu watu wasiotaka salamu zake, anapigana na kamba ya mbwa. Huyo ndiye Chaplin. Katika kumbukumbu zake, Chaplin mwenyewe anasimulia kwamba onyesho lake lilifika futi 75 za filamu, wakati kichekesho kimoja cha kawaida pale Keystone kilikuwa nadra kuzidi futi 10, na kwamba ulizuka mjadala kama liachwe au likatwe. Liliachwa. Yeyote aliyekuwa na kauli ya mwisho, ukweli ni kwamba filamu iliyobeba jina la Mabel, aliyoiongoza na kuiigiza, ilimpa mgeni aliyefika kazini wiki chache tu kabla ya hapo nafasi ya kuifungua na kuiteka. Nyota wengi wa leo wasingekubali.

Filamu hiyo ilitoka tarehe 9 Februari 1914. Siku mbili kabla yake ilitoka nyingine fupi, Kid Auto Races at Venice, iliyopigwa baadaye lakini ikatangulia sokoni. Ndiyo maana vitabu vingi huitaja hiyo kama mwanzo wa mhusika maarufu kuliko wote katika historia ya sinema. Kwa tofauti ya siku mbili, Mabel akatoka kwenye ukurasa wa kwanza.

Kisha ukaja ugomvi. Katika majira ya kuchipua ya mwaka huo Mabel alikuwa akiongoza Mabel at the Wheel, filamu ya mashindano ya magari, na Chaplin alikuwa adui wake ndani ya filamu. Wakiwa nje ya mji wanapiga picha, Chaplin alipendekeza kichekesho chake: akanyage mpira wa kumwagia maji, maji yakwame, autazame mdomo wa mpira kwa mshangao, kisha ainue mguu na maji yamrukie usoni. Mabel akamwambia hakuna muda, afanye alivyoelekezwa. Chaplin akagoma. Akaketi kando ya barabara na kusema hatapokea amri kutoka kwake, na kwamba haamini kama ana uwezo wa kuongoza. Kikundi kizima kilimpenda Mabel na nusura wampige yule Mwingereza. Sennett alikasirika na kutaka kumfukuza. Kilichomwokoa Chaplin ni ujumbe kutoka kwa wenye fedha wa New York, kwamba filamu zake zinauzwa na zinatakiwa nyingine haraka. Sennett akabadili sauti, akaja kuisimamia filamu ile mwenyewe, na punde Chaplin akaruhusiwa kujiongoza, baada ya kuweka dhamana ya dola 1,500 za akiba yake endapo filamu yake ingekuwa haifai kuonyeshwa.

Haya yote tunayajua kutoka kwa Chaplin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964. Sina sababu ya kudhani aliongopa. Lakini nakisoma kisa hiki tofauti na namna kinavyosimuliwa kwa kawaida. Chaplin hakugombana na Mabel peke yake. Aligombana na Henry Lehrman, mwongozaji wake wa kwanza, akimlaumu kwa kumkatia vichekesho vyake. Aligombana na George Nichols. Alikuwa msanii aliyetoka kwenye majukwaa ya Uingereza, ambako kichekesho hujengwa polepole, na Keystone ilikuwa kiwanda cha kukimbizana. Angegombana na yeyote aliyeshika saa. Hata hivyo hakuna anayesema wanaume hawakuweza kumwongoza Chaplin kwa sababu ya Lehrman na Nichols. Kwa Mabel peke yake ugomvi wa mchana mmoja umegeuzwa kuwa ushahidi kwamba hakustahili kiti. Na tuwe wa haki: kichekesho cha mpira wa maji hakikuwa kipya. Ndugu Lumière walikionyesha Ufaransa mwaka 1895. Mwongozaji mwenye jua linalozama na filamu ya kukamilisha alikuwa na haki ya kusema si leo.

Jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka ni lililofuata. Wiki chache baadaye Mabel na Chaplin walirudi kazini pamoja katika Caught in a Cabaret, na mwongozaji anayetajwa ni Mabel. Ni kisa cha mhudumu wa kilabu duni anayejifanya balozi mbele ya familia ya kitajiri. Ndani yake tayari kuna kiini cha kazi kubwa za Chaplin za baadaye, yaani maskini anayeingia kwenye ukumbi wa matajiri kwa mavazi ya kuazima, na aibu inayomsubiri mlangoni. Sidai kwamba Mabel ndiye aliyembunia. Nadai kwamba walifundishana, na kwamba mwalimu mmoja ametajwa na mwingine ameachwa.

Lakini kazi inayonithibitishia uwezo wake haina Chaplin hata kidogo. Ni Mabel's Blunder, iliyotoka Septemba 1914, ambayo Mabel aliongoza na kuigiza. Yeye ni karani ofisini, mchumba wa siri wa mtoto wa bosi, na bosi naye anamtaka. Siku moja anaingia mwanamke mwingine, kijana, aliyevaa vizuri, na yule mchumba anamkumbatia. Mabel anaona. Anaamua kuwafuata, na njia anayoichagua ni kubadilishana nguo na dereva: yeye anavaa kofia na koti la udereva na kushika usukani, huku dereva akivaa nguo zake na utaji, na bosi asiyejua lolote anamchukua huyo wa utaji kwenda kustarehe. Mwishoni inajulikana kwamba mgeni yule ni dada wa mchumba.

Kwa maneno kinaonekana kisa chepesi. Kwenye picha ni kitu kingine. Bosi anayemshika karani wake bila kuulizwa ni jambo ambalo wanawake wengi wa 1914 walilijua, na Mabel analionyesha bila hotuba, kwa namna anavyorudi nyuma hatua moja na kutabasamu kwa woga wa kupoteza kazi. Kisha anamwadhibu bosi kwa kumpa mwanamume aliyevaa gauni. Na katikati ya mbio zote hizo kuna sura yake, karibu, akitazama asichotaka kuona: wivu, kisha aibu ya wivu, kisha uamuzi. Waongozaji wengi wa Keystone hawakuwa na muda wa sura. Walitaka miguu. Mabel alijua kwamba mtu akianguka bila sisi kumjua tutacheka mara moja, na tukimjua tutacheka na kumkumbuka. Kwa mizani yangu hilo ndilo jambo kubwa kabisa mwongozaji wa vichekesho anaweza kulijua, na alilijua mapema, kabla ya filamu ndefu za Chaplin na Buster Keaton za miaka ya 1920 kuwapo.

Swali ni kwa nini hakuendelea. Mwaka 1915 alicheza mfululizo wa filamu pamoja na mwigizaji Roscoe Arbuckle, na Arbuckle akawa ndiye mwongozaji. Mwaka 1916 ilianzishwa kampuni yenye jina lake, Mabel Normand Feature Film Company, na studio yake ikajengwa Hollywood ya mashariki. Ilitoa filamu moja tu, Mickey, iliyoongozwa na F. Richard Jones. Ilikwama muda mrefu kabla ya kutoka mwaka 1918, na ilipotoka ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi katika siku zake. Wakati huo Mabel alikuwa ameshahamia kwa mtayarishaji Samuel Goldwyn, akiwa nyota wa mkataba. Kwa Goldwyn alilipwa vizuri, akavishwa vizuri, na akaongozwa na wengine.

Yaliyompata hayakuwa yake peke yake. Filamu zilipokuwa ndefu na ghali, mabenki yakaingia, studio zikawa makampuni makubwa yenye ngazi za vyeo, na wanawake wakaondolewa kwenye kiti cha mwongozaji mmoja baada ya mwingine. Kufikia miaka ya 1930 Hollywood nzima ilikuwa imebakiwa na Dorothy Arzner, karibu peke yake. Kinachoitwa bahati mbaya ya Mabel ni sehemu ya mlango uliofungwa kwa wengi.

Kashfa nitazipita upesi, kwa sababu zimekwishaandikwa kupita kiasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 1922 mwongozaji William Desmond Taylor aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Los Angeles. Mabel alikuwa amemtembelea jioni hiyo, akaondoka Taylor akiwa hai. Polisi hawakumshtaki kwa lolote, na muuaji hajapatikana hadi leo. Tarehe 1 Januari 1924 dereva wake alimpiga risasi tajiri mmoja kwa bastola ya Mabel, na yule tajiri akapona. Magazeti yalimhukumu bila mahakama, na vikundi vya maadili vikadai filamu zake zisionyeshwe. Ugonjwa wa kifua kikuu ulikuwa tayari mwilini. Alijaribu kurudi kwa filamu fupi za mtayarishaji Hal Roach mwaka 1926, akaolewa na mwigizaji Lew Cody mwaka huo huo, na akafariki tarehe 23 Februari 1930 katika hospitali ya wagonjwa wa kifua huko Monrovia, California. Alikuwa na miaka 37. Sauti ilikuwa imeingia kwenye sinema miaka michache tu kabla ya hapo, na yeye hakuwahi kusikika katika filamu hata moja.

Sennett alitoa kumbukumbu zake mwaka 1954, na humo Mabel ni mapenzi yaliyopotea. Chaplin akatoa zake mwaka 1964, na humo Mabel ni msichana mzuri asiyeweza kuongoza. Mwaka 1974 Broadway ilionyesha mchezo wa muziki uitwao Mack & Mabel, jina la Sennett likiwa mbele. Mwaka 1992 filamu ya Richard Attenborough kuhusu Chaplin, iliyotokana kwa sehemu na kitabu chake, ikamleta Mabel tena kupitia macho ya Chaplin. Kila mara aliyesema ni mwingine. Mabel hakuacha kitabu. Aliacha filamu, na hata hizo nyingi zimepotea.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya karibu filamu ndefu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la awali. Mikanda ya wakati ule ilitengenezwa kwa kemikali inayoshika moto kwa urahisi na kuoza ikiachwa, na studio nyingi hazikuona faida ya kuitunza baada ya sauti kufika. Filamu nyingi alizofanya Mabel kwa Goldwyn hazipo tena.

Ndipo habari za karibuni zinaponipa moyo. Mwaka 2009 Mabel's Blunder iliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya filamu za Marekani zinazopaswa kuhifadhiwa. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba katika hifadhi ya filamu ya New Zealand zimepatikana filamu bubu za Marekani zipatazo 75 zilizodhaniwa kupotea. Mojawapo ilikuwa Won in a Closet, ya Januari 1914, moja kati ya filamu za kwanza kabisa zilizoongozwa na Mabel. Ilikuwa imesafiri upande wa pili wa dunia kuonyeshwa, haikurudishwa kwa sababu nauli ilikuwa ghali kuliko mkanda wenyewe, na hilo ndilo lililoiokoa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaofundisha filamu katika vyuo vyetu, na kwa kila msomaji anayependa sinema. Filamu zake zilizosalia hazina tena mwenye haki za kuzizuia, na kadhaa zinapatikana mtandaoni bila malipo. Zitazameni kwa mpangilio huu: Mabel's Strange Predicament, kisha Caught in a Cabaret, kisha Mabel's Blunder. Zote tatu hazifiki saa moja na nusu. Na mtakapowaambia wanafunzi au watoto wenu habari za Chaplin, watajieni pia jina la mwongozaji wake.